Kuwaheshimu waliojitolea jeshini hapa kijijini: majina, mnara na Siku ya Mashujaa. Tuanzie wapi?

Katibu_Tandahimba

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wazee mliomo humu.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu, wilaya ya Tandahimba, umepitisha kwamba Siku ya Mashujaa ijayo, tarehe 25 Julai, kijiji kiwashukuru kwa heshima wote waliojitolea kwenda jeshini. Wapo wazee waliotoka mgambo wakaenda vita vya Kagera. Wapo waliovuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwenye miaka ya themanini. Wapo wajane wao. Na hivi sasa vijana watatu wa hapa wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa kujitolea, wengine wanasubiri usaili. Kamati imeundwa na mimi ndiye katibu.

Fedha ni michango ya wanakijiji iliyobaki kwenye msimu wa korosho, si nyingi. Tunawaza mnara mdogo wenye majina mbele ya ofisi ya kijiji, hafla siku hiyo ya 25, na jambo la maana kwa familia ambazo watoto wao wako kambini. Tunaomba ushauri wa watu wanaoyajua mambo haya. Nani aandikwe? Mnara ujengwe vipi usije ukapasuka mwaka wa pili? Hafla ipangwe vipi isigeuke mkutano wa siasa? Na hao vijana walioko kambini tuwafanyie nini?

---

Mstaafu_Masasi

Katibu, hongereni kwa azimio hilo, na salamu kwa wazee wa hapo.

Anzeni na orodha. Mnara uje baadaye. Jina likikosewa kwenye jiwe mwenyewe ameumizwa, na familia yake itapita mbele ya kosa hilo kila siku. Kazi ya orodha ichukueni kwa uzito kuliko kazi ya saruji.

Nunueni kaunta buku moja, ligawanywe kwa safu: majina matatu kamili, jina analojulikana nalo kijijini, mwaka wa kujiunga, njia aliyojiunga nayo, namba yake ya jeshi, mwaka wa kutoka au kufariki, na ndugu wa kuulizwa. Safu ya jina la kijijini msiiache. Kwetu kusini mtu anaweza kuwa na jina la utoto, jina la jando na jina la dini, kisha jeshini akaandikishwa kwa mojawapo ambalo majirani hawalijui kabisa. Kwenye jiwe liandikwe jina la kuandikishwa, na la kijijini lifuate baada ya mkato. Mkiandika moja tu, ama jeshi halitamtambua ama wajukuu hawatamtambua.

Namba inasaidia sana kuthibitisha. Askari wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, namba yake huanza na MT, ofisa huanza na P. Kwa JKT, mvulana ni SM na msichana ni SG. Akiwepo mtu anayedai alikuwa sajini na hati yake inaanza na SM, basi kuna jambo la kumuuliza kwa adabu, pengine amechanganya hati mbili. Vyeti vya kumaliza utumishi, hati za kiinua mgongo, nishani na picha zenye maandishi nyuma vyote vikubaliwe kama ushahidi. Pigeni picha za hati hizo kwa simu hapo hapo nyumbani kwa mwenye nazo, msiondoke nazo. Hati ya mzee ikipotelea mikononi mwa kamati hairudi.

Asiye na karatasi atafutiwe mashahidi wawili waliotumikia naye, si ndugu zake. Kisha orodha yote ibandikwe ofisi ya kijiji siku 14, isomwe kwa sauti mkutanoni, watu watoe pingamizi. Baada ya hapo nendeni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya. Huyo ni mwanajeshi na ndiye mlango wenu wa kuingilia jeshini: atawaelekeza namna ya kuuliza kumbukumbu, na yeye au mwakilishi wake ndiye wa kualikwa siku ya hafla. Barua iandikwe na Afisa Mtendaji wa Kijiji, iambatane na muhtasari wa mkutano mkuu. Bila muhtasari barua itarudi.

Sasa nani aandikwe. Wanamgambo wa 1978 watangulie, maana ndio wanaosahaulika zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilipanuliwa haraka kwa kuchukua mgambo, JKT, polisi na magereza. Watu waliacha mashamba ya huku, wakapanda magari wakavuka nchi nzima hadi kaskazini magharibi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wao waliporudi walirudia jembe. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu, kwa hiyo mtaani hawana cheo cha kuitwa. Hao ndio jiwe lenu linawahusu hasa.

Waliofia Msumbiji msiwatenge na kaburi lao. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele yako hapo hapo mkoani Mtwara, na askari wetu waliofia Msumbiji wamelala pale. Kama kuna mtu wa kijiji chenu aliyezikwa Naliendele, ujumbe wa familia uende wiki moja kabla, na nafasi ndani iombwe mapema kupitia mshauri wa mgambo.

Walioko kazini sasa hivi msiwaandike kwenye jiwe, wala msiandike kikosi cha mtu yeyote au mahali alipo. Mpaka wetu na Cabo Delgado ya Msumbiji mnaujua, na shambulio la Kitaya mwaka 2020 mnalikumbuka. Wekeni majina yao kwenye kaunta buku, akistaafu salama ataongezwa.

---

Fundi_Mikindani

Mzee Mstaafu shikamoo. Katibu, nikupe mnara ambao fundi wa kijijini anaumudu.

Nguzo ya mraba sentimita 60 kwa 60, kimo mita 1.7 juu ya ardhi, katikati imejazwa zege lenye nondo. Shimo la msingi mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 60, au zaidi mpaka mkute udongo mgumu. Chini mwage zege sentimita 20. Tofali tumia la inchi 6. Matofali manne yakizungushwa kila moja likianzia pale jenzake linapoishia, unapata sentimita 60 kila upande na tundu la sentimita 30 katikati. Kozi, yaani safu za tofali, ziwe 2 chini ya ardhi, 7 juu, jumla matofali 36. Nunua 40. Kabla ya kununua, chukua moja liachie kutoka usawa wa kiuno lidondoke kwenye udongo. Likivunjika vipande vipande rudisha yote.

Nondo mm 12 moja ya mita 12 inatosha. Kata vipande vinne vya mita 2.7, kila kimoja kunja sentimita 30 chini, visimamishe ndani ya zege la msingi kabla halijakauka. Jaza tundu la katikati kila baada ya kozi 3 huku unashindilia kwa fimbo. Ukisubiri ufike juu ndipo ujaze, zege litaacha mapengo chini na maji yatakaa humo.

Zege ni 1:2:4. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa saruji unachukua mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo 7, maji ndoo moja na robo. Vijana wa kuchanganya hupenda kuongeza maji ili koleo liende vizuri, na hapo ndipo zege linapokufa. Lipu iwe 1:4. Ukiongeza sakafu ya mita 2 kwa 2 kuzunguka nguzo, unene sentimita 10, jumla ya saruji ni kama mifuko 8, nunua 9.

Juu weka kofia ya zege yenye mteremko, itokeze sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo uchore kijifereji ili maji ya mvua yadondoke badala ya kutiririka kwenye maandishi.

Jiwe la majina liwe graniti nyeusi ya mm 20, upana sentimita 50, kimo 80. Herufi zichongwe, si kupakwa rangi, kina angalau mm 2, kimo cha herufi mm 25. Mzee asimame mita 2 asome bila kuinama. Kwa herufi hizo na nafasi ya mm 15 kati ya mistari, ukitoa kichwa cha habari unapata majina 14 kwenye jiwe moja. Nguzo ina pande nne, kwa hiyo una nafasi ya majina 56. Upande mmoja uachwe mtupu kwa watakaofuata. Majina yafuate alfabeti. Mkipanga kwa vyeo, yule mwanamgambo wa Kagera atakwenda chini kabisa.

Jiwe moja lina kama kilo 22. Lisafirishwe limesimama kwa ukingo wake, limefungwa na godoro. Likilazwa kwenye gari linapasuka barabarani. Matundu manne ya skrubu yatobolewe huko huko dukani. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na msikaze mpaka mwisho kwa nguvu, maana graniti haipindi, inapasuka. Nyuma paka gundi ya marumaru jiwe lote, si madoa madoa matano kama wanavyofanya wengine, sababu maji hukaa kwenye uwazi.

Uso wenye majina ya kwanza uangalie kusini. Kwa huku kwetu jua hukaa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, basi rangi ya ndani ya herufi itadumu. Msijenge chini ya mkorosho wala mwembe, nendeni mita 6 au zaidi. Na kabla ya kuchimba pimeni barabara: kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mnara wa mashujaa ukiwekewa alama ya X ya kubomolewa ni aibu ya kijiji kizima.

Msingi uwe umemwagwa kufikia katikati ya Juni, mawe yabandikwe wiki ya pili ya Julai.

---

Katibu_Tandahimba

Fundi, ahsante sana. Mambo mawili. Kuna gari linaloleta mchanga kutoka pwani kwa bei nafuu, tuuchukue? Na huku juu maji ni ya kununua kwa ndoo, kumwagilia zege siku saba ni gharama. Pia mzee mmoja anasema jiwe si letu, sisi Wamakonde tuna mpingo, kwa nini tusichonge?

---

Fundi_Mikindani

Mchanga wa pwani hapana, hata ukiletwa bure. Una chumvi. Chumvi inavuta unyevu, nondo inashika kutu ndani, inavimba, nguzo inapasuka kwa wima kufuata nondo. Kabla ya hapo utaona unga mweupe umejitokeza kwenye lipu. Chukua mchanga wa mto au wa shimo. Uutie kwenye chupa yenye maji, utikise, uache saa moja. Tope likizidi kidole kimoja juu ya mchanga uoshwe au uachwe.

Maji: usimwagilie. Mara zege na lipu vikishikana, funika nguzo nzima kwa magunia yaliyoloweshwa, juu yake zungushia nailoni ifungwe kwa kamba mpaka chini. Ukifunga vizuri unalowesha mara moja kwa siku, ndoo moja inatosha. Siku 7 kamili. Fungua mapema uone nyufa ndogo ndogo.

Mzee ana hoja nzuri ila mpingo usikae juani. Jua na mvua vikipishana unapasuka, na sehemu yake nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Agizeni kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, kiwekwe ndani ya ofisi ya kijiji pamoja na kaunta buku la majina. Mchongaji aondoe weupe wote, na akauke taratibu kivulini.

---

Mama_Ndanda

Shikamooni wazee. Nizungumzie hafla.

Siku hiyo kitaifa ina utaratibu wake, na kijiji kinaweza kuazima sehemu inayokifaa. Kwenye maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wanajeshi wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua. Kwenu shoka na mkuki vinatosha: shoka awekewe mkononi mzee wa Kagera aliye mkubwa kuliko wote, mkuki auweke mwenyekiti wa kijiji, maua yawekwe na mjane. Mizinga na gwaride ni vya jeshi. Msilipue baruti wala fataki. Wapo wazee pale ambao mlio wa ghafla unawarudisha mbali, na kwa kijiji cha mpakani watu watakimbia.

Nguo za jeshi msiwavalishe watoto wa shule, hata fulana ya mabaka. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi na vinavyofanana nazo. Waliostaafu wavae suti au kanzu na nishani zao kifuani, inapendeza na ni halali.

Bendera ipandishwe saa 12 asubuhi, ishushwe saa 12 jioni. Kijani kiwe juu upande wa mlingoti, na mstari mweusi uanzie chini penye mlingoti kwenda juu upande wa nje. Bendera iliyogeuzwa huonekana kwenye sherehe nyingi za vijijini, sababu anayeifunga ni kijana aliyetumwa asubuhi ile. Ateuliwe mtu jana yake, ajaribu. Nusu mlingoti msifanye kwa uamuzi wenu.

Muda: Julai ni msimu wa kupulizia mikorosho, alfajiri watu wako shambani. Hafla ianze saa 4 asubuhi. Ikiangukia Ijumaa imalizike kabla ya saa 6 waumini wawahi msikitini.

Mpangilio mfupi ndio mzuri: dua ya shehe na sala ya padri au mchungaji, dakika moja ya ukimya, kusoma majina, kuweka shoka, mkuki na maua, hotuba moja, chakula. Hotuba moja. Diwani na mbunge wakija watambulishwe, wakae. Hilo mwandike kwenye barua ya mwaliko mapema, siyo kuwaambia pale mezani.

Kusoma majina ndiyo hafla yenyewe. Msomaji awe mmoja, mwenye sauti, afanye mazoezi na orodha siku tatu kabla, na kila jina gumu amuulize mwenyewe linavyotamkwa. Jina, mwaka wa kujiunga, kisha kimya cha pumzi mbili. Aliyefariki atanguliziwe "marehemu". Aliye hai asimame kama anaweza, asiyeweza ainue mkono, na mtoto wa shule aende pale alipokaa ampe mkono kwa heshima, shikamoo babu, shikamoo bibi. Msisahau akina mama waliopita JKT na mgambo. Wengi wao hawajawahi kuitwa hadharani hata mara moja.

Turubai na viti vya mbele ni vya wazee hawa na wajane. Kosa linaloonekana kila mahali ni wageni wa wilayani kivulini na wenye siku yao juani. Maji ya kunywa yapitishwe kabla ya hotuba, choo kiwe karibu, na pikipiki au bajaji ya kuwachukua na kuwarudisha majumbani ilipiwe na kamati.

Chakula kiwe cha nyumbani: ming'oko, ugali wa muhogo, samaki, kuku kama mfuko unaruhusu. Ngoma ije baada ya kula, sindimba ikipigwa wazee wenyewe watainuka.

---

Kaka_Nachingwea

Swali kidogo kwa Mstaafu. Hapo kwenye orodha, waliokwenda JKT kwa mujibu wa sheria wanaingia? Kichwa cha habari kinasema waliojitolea. Kidato cha sita wa zamani walikwenda kwa lazima.

---

Mstaafu_Masasi

Umeuliza vizuri, kaka, na hapo vijiji vingi vitagombana.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 ndipo ikaja lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita na vyuo. Ikasimama 1994, ikarudishwa 2013. Kwa hiyo mwaka wa kujiunga na kiwango cha elimu vinakuambia mtu alipita mlango gani. Aliyemaliza darasa la saba akaingia JKT 1980 alijitolea. Aliyemaliza kidato cha sita 1975 alikwenda kwa mujibu wa sheria.

Ushauri wangu: jiwe liwe la waliojitolea na waliokufa vitani, kwa njia yoyote waliyoingilia. Wa mujibu wa sheria waandikwe kwenye kaunta buku, waalikwe, wasomwe kwa kundi lao siku hiyo. Lakini kama mmoja wao alibaki jeshini kwa hiari baada ya muda wake kwisha, huyo kajitolea, ahamie kwenye jiwe.

Na kwa kuwa umetokea Nachingwea: wale waliowahudumia wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, kwenye kambi ya hapo kwenu, wakalima chakula, wakabeba mizigo kwenda mpakani, hawakuwa na namba ya jeshi yoyote. Kijiji kikiwa na watu wa namna hiyo kiwape mstari wao kwenye daftari, wakiwa hai waulizwe habari zao zirekodiwe kwa simu. Hakuna ofisi yenye kumbukumbu zao zaidi ya vichwa vyao.

---

BwanaShamba_Newala

Nije kwenye swali la mwisho la Katibu, maana naona limeachwa nyuma, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito. Mzee wa Kagera mnamshukuru kwa lililopita. Kijana aliyeko kambini leo ana mkorosho ambao ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unaula sasa hivi.

Mkataba wa kujitolea JKT ni miaka miwili. Hiyo ni misimu miwili ya korosho. Chukueni familia yenye ekari 2: kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ni miti kama 56. Salfa ya unga ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa kila mpulizo, yaani kilo 14 kwa duru moja. Duru tano ni kilo 70, mifuko mitatu ya kilo 25. Kupulizia huanza maua yanapochomoza, kila baada ya wiki mbili, alfajiri umande ukiwepo na upepo umelala. Jua likipanda na kusi likianza kuvuma unapulizia shamba la jirani. Duru moja ikirukwa wakati wa maua, unga mweupe unashika na maua yanakauka yakiwa meusi. Hakuna dawa ya kurudisha ua.

Sasa mama aliyebaki peke yake hawezi kubeba mashine ya kupulizia mgongoni. Hapo kijiji kinaingia. Kamati iwe na ratiba: mwenye mashine mmoja na msaidizi mmoja kwa kila familia, petroli na mafuta ya mashine yatoke kwenye mfuko, barakoa na miwani visikosekane. Ekari 2 ni kazi ya asubuhi moja. Palizi na kufyeka chini ya miti kufanyike kabla korosho hazijaanza kudondoka, kuanzia Septemba hivi, kwa kazi ya pamoja ya nusu siku. Familia tatu si mzigo kwa kijiji.

Usajili ndio unaosahauliwa. Pembejeo za ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa. Shamba likiwa kwa jina la kijana na yeye yuko kambini, mfuko utakaa ghalani. Kabla hajaondoka aende AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mzazi wake, taarifa zihuishwe, na korosho ziuzwe kwa jina la anayebaki, kwenye akaunti ya benki ya anayebaki. Malipo ya mnada yakiingia kwenye akaunti ya mtu aliyeko kambini, mama atasubiri mpaka mtoto apate ruhusa.

Kwa wanaosubiri usaili, msaada mzuri ni vifaa na nauli. JKT huwa inataka bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Nguo za baridi kama kambi iko mkoa wa baridi. Na nauli ya kwenda na kurudi. Subirini tangazo la mwaka husika ndipo mnunue, na rangi zifuatwe kama zilivyoandikwa. Viatu vinunuliwe kwa kujaribisha mguuni na avivae wiki mbili kabla. Kiatu kipya siku ya kwanza ya mazoezi ni malengelenge, na malengelenge yanamweka kijana hospitali ya kambi wenzake wakisonga mbele.

Kaeni macho pia na wanaouza nafasi. Maombi hupitia ofisi ya kijiji, kata, wilaya hadi mkoa, na hayana malipo. Anayeomba hela ya "kumsogeza" kijana ni tapeli, apelekwe polisi.

Wakirudi bila ajira, maana JKT haimwahidi mtu ajira, wasipokelewe kama walioshindwa. Kijana ametoka na nidhamu na fani. Mikopo ya halmashauri ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata awaunganishe kikundi, katiba na akaunti viwe tayari kabla ya dirisha la maombi kufunguka.

---

Katibu_Tandahimba

Ahsanteni sana wazee na ndugu zangu. Kamati inakaa Jumapili, nimenakili kila kitu. Swali langu la mwisho: zawadi ya wajane na wazee siku hiyo. Wajumbe wengi wanasema khanga na shuka.

---

Mama_Ndanda

Khanga ni nzuri, mpeni, lakini ongezeni kadi ya bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Ulizeni zahanati kiwango cha sasa kabla ya kuchangisha, kwa kuwa utaratibu wa bima ya afya kwa wote unabadilisha mambo. Picha na taarifa za wanakaya zichukuliwe wiki mbili kabla, mzee akabidhiwe kadi inayofanya kazi, siyo ahadi ya kadi. Aliyefikisha miaka 60 naye aulizwe kama ana kitambulisho cha matibabu ya wazee. Kama hana, Mtendaji ampeleke ustawi wa jamii.

Na siku ya kuandikisha, mtu aende nyumbani kwao na orodha. Wengine magoti hayawafikishi ofisini.

---

Fundi_Mikindani

Katibu, nitumie majina yakishapita siku 14 za pingamizi, nikukadirie mawe mangapi. Kabla ya kuchonga, duka likupe karatasi ya maandishi kwa ukubwa halisi. Ibandike ukutani ofisini, kila familia ije isome jina lake na kusaini pembeni. Herufi moja ikirekebishwa kwenye karatasi haina gharama.